Kuishauri Serikali Kuhusu Wanawake Walio Gerezani: Mwongozo kwa Wajumbe wa Kamati na Maafisa

Mwongozo huu ni wa watu wanaoitwa mezani kutoa maoni: mjumbe wa kamati ya ushauri, hakimu mwenye wajibu wa kukagua magereza, afisa wa probesheni, wakili wa shirika la haki, muuguzi au mwalimu aliyeteuliwa kwa kuwa amewahi kufanya kazi ndani ya ukuta. Sheria nyingi zinazotajwa hapa ni za Kenya. Mjumbe wa Tanzania atakuta zake njiani, na pale zisipotajwa atajua pa kuzitafuta, kwa kuwa magereza yetu yalirithi sheria za mkoloni mmoja na bado yanafanana kuanzia rejista hadi kengele ya jioni.

Anza na rejista, si na vyoo

Wajumbe wengi hufika gerezani wakapelekwa moja kwa moja kuona mabweni, jiko na zahanati. Kisha huandika kwamba mabweni yamejaa na maji hayatoshi. Ni kweli, lakini ripoti ya namna hiyo imeandikwa mara nyingi, na jibu lake linajulikana: hakuna fedha. Kabla ya kuona chochote, omba kwa mkuu wa gereza takwimu za waliomo siku hiyo. Wangapi ni mahabusu na wangapi wamehukumiwa? Kwa makosa gani? Wangapi wana kifungo cha chini ya miezi 6? Wangapi wamo kwa kushindwa kulipa faini, na faini yenyewe ilikuwa shilingi ngapi? Wangapi walipewa dhamana wakakosa wa kuwadhamini?

Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama ushauri wako utaelekezwa kwa Idara ya Magereza au kwa Mahakama. Mara nyingi utakuta kwamba sehemu kubwa ya tatizo haiko mikononi mwa bwana au bibi jela. Yeye hapokei watu kwa hiari yake. Anapokea hati iliyosainiwa na hakimu. Ukimshauri apunguze msongamano ni kama kumshauri muuguzi wa zamu apunguze malaria wodini.

Wanawake gerezani ni wachache. Duniani kote wanazidi 700,000, yaani takriban asilimia 7 ya wafungwa wote, na barani Afrika sehemu yao ni ndogo zaidi. Uchache huu umewaumiza, kwa sababu mgao, ratiba, sare na hata urefu wa vitanda vimepangwa kwa kuwafikiria wanaume, na katika magereza mengi ya wilaya na kaunti sehemu ya wanawake ni banda lililochomekwa uani, ilhali zahanati, karakana na maktaba zimebaki upande wa pili wa ukuta. Lakini kwa mshauri, uchache ndio nafasi yenyewe. Gereza kubwa la wanaume likipunguziwa watu 30, hakuna atakayegundua. Sehemu ya wanawake ikipunguziwa 30, huenda ikabaki nusu tupu, na bajeti ileile ikaanza kutosha.

Faini, chang'aa na dhamana

Soma kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kabla ya mkutano wa kwanza. Kina jedwali la kifungo kwa anayeshindwa kulipa faini: isiyozidi shilingi 500, siku zisizozidi 14; hadi shilingi 2,500, mwezi 1; hadi 15,000, miezi 3; hadi 50,000, miezi 6; zaidi ya hapo, miezi 12. Tazama maana yake kwa mama anayepika chang'aa uani ili kulipa karo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa, ikaruhusu itengenezwe kwa leseni na kwa masharti ya kiwanda. Mpishi wa uani hana leseni wala njia ya kuipata, kwa hiyo bado anakamatwa. Anatozwa faini ya shilingi 20,000, hana, anaingia miezi 6. Mwenye hela amelipa dirishani akarudi nyumbani mchana uleule. Kosa ni moja; kilichowatenganisha ni mkoba.

Vifungo vifupi vina kasoro nyingine ambayo wajumbe huipita. Chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 90, mfungwa hupata msamaha wa theluthi moja kwa mwenendo mwema ikiwa kifungo kinazidi mwezi 1. Aliyefungwa mwezi 1 au wiki 2 hapati msamaha huo, na pia hapati mafunzo yoyote, kwa sababu hakuna kozi ya ushonaji inayomalizika kwa wiki 2. Anachopata ni kupoteza kibanda cha kukodi, wateja, na pengine watoto kutawanywa kwa ndugu. Serikali imemlisha na kumlinda, na anatoka akiwa maskini kuliko alivyoingia. Kama una pendekezo moja tu la kulipigania, pigania hili: kifungo kifupi kwa kosa dogo lisilo la ukatili kiwe cha mwisho kabisa kufikiriwa.

Sheria za kulitekeleza zipo tayari, na ni muhimu uzitaje kwa vifungu ili usiambiwe kwamba unaomba sheria mpya. Ibara ya 49(2) ya Katiba ya 2010 inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa linaloadhibiwa kwa faini pekee au kwa kifungo kisichozidi miezi 6. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu kazi ya kijamii badala ya kifungo pale adhabu isipozidi miaka 3. Tanzania ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 yenye mwelekeo huohuo. Kanuni za Bangkok kuhusu wafungwa wanawake, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinasema katika kanuni ya 64 kwamba mjamzito au mwenye watoto wanaomtegemea apewe kwanza adhabu isiyo ya kifungo pale inapofaa.

Basi uliza kwa nini hazitumiki inavyotakiwa. Ukikaa na hakimu wa wilaya kwa utulivu, utasikia mambo ya kawaida kabisa: taarifa ya afisa wa probesheni haikufika siku ya hukumu; mshtakiwa alikiri kosa asubuhi bila wakili; anwani yake haikujulikana; kazi iliyopo ni kufyeka nyasi barabarani naye ana mtoto mgongoni. Kila moja lina dawa ndogo. Kazi ya kijamii inaweza kuwa katika shule ya chekechea au zahanati, penye mahali pa kunyonyeshea. Taarifa ya probesheni inaweza kuwa ya ukurasa mmoja kwa makosa madogo. Haya hayangoji Bunge. Yapeleke kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya kituo husika, anapokaa hakimu pamoja na polisi, mwendesha mashtaka, magereza na probesheni. Tanzania kuna kamati za kusukuma kesi. Mjumbe wa taifa anayedharau vikao hivi vya chini anajinyima mlango ulio wazi.

Kuzungumza na wafungwa

Kanuni ya 25 ya Bangkok inataka vyombo vya ukaguzi viwe na wajumbe wanawake. Usiende na ujumbe wa wanaume watupu, hata kama wote ni watu wema.

Ukiwa ndani, omba kuzungumza na wafungwa pasipo afande kusimama karibu. Anaweza kuona kwa mbali, asisikie. Wachague wewe mwenyewe kutoka kwenye rejista, usikubali wale walioandaliwa, ambao kwa kawaida ni viongozi wa bweni na wanakwaya. Msalimie kila mmoja kwa heshima ya umri wake. Penye desturi ya shikamoo, mama mzee anastahili shikamoo yake hata akiwa na sare. Usianze na "ulifanya nini?" Faili ina jibu hilo. Anza na watoto wako wapi na nani anawaangalia, na mengine yatafuata. Usiahidi kumtoa mtu, wala kufuatilia rufani yake, kama huna uwezo huo. Ahadi ya mgeni hubaki bwenini miezi mingi baada ya gari kuondoka. Na kabla ya kuaga, mwambie mkuu wa gereza waziwazi kwamba utarudi kuuliza kama kuna aliyesumbuliwa kwa kuzungumza nawe.

Zungumza pia na askari wanawake. Wanajua yote, na wengine wanaishi katika nyumba za idara zisizo bora sana kuliko mabweni wanayolinda.

Mwili na afya

Hapa usiandike maneno ya jumla. Kanuni ya 5 ya Bangkok inadai taulo za kike bila malipo na maji ya uhakika, hasa kwa wanaopika, wajawazito, wanaonyonyesha na walio hedhini. Katika magereza yetu sodo huletwa kwa wingi na wahisani Machi na Desemba, kisha zinaadimika. Msaada wa mhisani ni jambo jema, lakini usiruhusu uhesabiwe kama utekelezaji wa wajibu wa serikali. Piga hesabu: pakiti 2 kwa mwezi ni pakiti 24 kwa mwaka kwa kila mwanamke, zidisha kwa wastani wa idadi ya waliomo na bei ya jumla, kisha andika kiasi hicho kama ombi la mstari wa bajeti. Kiasi kitakachopatikana ni kidogo kiasi cha kumwaibisha anayekikataa.

Ukaguzi wa mwilini ufanywe na askari mwanamke aliyefunzwa, na kuvuliwa nguo kusiwe jambo la kila siku. Kanuni ya 81 ya Kanuni za Nelson Mandela, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wote, inataka wafungwa wanawake wawe chini ya askari wanawake, na afisa mwanamume asiingie sehemu yao bila kuandamana na mwanamke. Anayejifungua asifungwe pingu wakati wa uchungu, wakati wa kuzaa wala mara baada ya kuzaa. Hiyo ni kanuni ya 24 ya Bangkok. Uliza ni nani huamua pingu hospitalini: mara nyingi ni askari wawili wa zamu wanaoogopa kushtakiwa mfungwa akitoroka. Waraka wa mkuu wa idara unaowaondolea hofu hiyo utafanya kazi kuliko semina tatu za haki za binadamu.

Afya ya akili ni eneo ambalo ripoti nyingi hulimaliza kwa sentensi moja. Wanawake wengi waliofungwa kwa kuua mume au mpenzi wana historia ya kupigwa, na historia hiyo haikusikika kesini kwa sababu hawakuulizwa. Kenya, uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu mwaka 2017 ulifuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, na hivyo ukafungua nafasi ya kusikiliza maelezo ya kupunguza adhabu. Pendekeza kwamba mtaalamu wa saikolojia au ustawi wa jamii aandike maelezo hayo, si mfungwa mwenyewe kwa kalamu ya kuazima.

Watoto

Sheria ya Kenya inaruhusu mtoto mchanga kuingia na mama yake na kukaa naye hadi umri wa miaka 4, akipewa mavazi na mahitaji kwa gharama ya umma. Akifikisha miaka hiyo, anakabidhiwa kwa ndugu walio tayari kumlea au kwa mamlaka ya ustawi wa watoto. Kwenye karatasi mpango huu unatosha. Kagua jinsi unavyotekelezwa.

Je, mtoto ana mgao wake wa chakula, au anakula kutoka sahani ya mama? Maziwa yanatoka fungu gani la fedha? Nani anampeleka kliniki siku ya chanjo? Je, anahesabiwa jioni pamoja na wafungwa, na kupekuliwa langoni? Kanuni ya 49 ya Bangkok inasema mtoto aliye gerezani na mama yake asitendewe kamwe kama mfungwa, na kanuni ya 28 ya Nelson Mandela inakataza cheti cha kuzaliwa kutaja kwamba alizaliwa gerezani. Vyeti hivyo viangalie wewe mwenyewe. Uliza pia mtoto amewahi kuona nini: mbwa, gari barabarani, mwanamume asiye na sare. Katika gereza la wanawake la Lang'ata, Nairobi, kuna kituo cha kulelea watoto mchana, nacho kinasaidia. Katika magereza madogo mtoto hushinda uani na mama anayefua.

Jambo linaloumiza zaidi ni siku ya kutenganishwa. Mama wa kifungo cha miaka 10 aliyeingia na mtoto wa mwaka 1 anajua tangu siku ya kwanza kwamba siku hiyo ipo, na idara pia inajua. Hata hivyo mipango huanza wiki chache kabla, ndugu wanatafutwa kwa simu, na mtoto anabebwa na mtu asiyemjua. Pendekeza kalenda: kila mtoto anapoingia, faili yake ionyeshe tarehe atakayotimiza miaka 4, jina la atakayempokea, na ziara za mlezi huyo kuanzia mwaka mmoja kabla, mtoto alale kwake siku moja, kisha mbili, kisha wiki. Ustawi wa jamii upewe nauli ya kazi hiyo. Bila nauli, kalenda ni pambo la ukutani.

Usiwasahau watoto walio nje, ambao ni wengi kuliko walio ndani na hawaonekani kwenye ziara yoyote. Kanuni ya 2 ya Bangkok inaruhusu hata kuahirisha kifungo kwa muda ili mama apange malezi. Kanuni ya 3 inataka majina na mahali walipo watoto yaandikwe kwa siri wakati wa kupokelewa. Fomu za kupokelea zikibadilishwa zikaongezewa mistari michache, serikali itajua kwa mara ya kwanza ni watoto wangapi wanalelewa na bibi kwa sababu mama yuko ndani. Na kwa kuwa magereza ya wanawake ni machache, mengi yako mbali na kwao. Bibi wa Turkana hawezi kusafiri hadi Nairobi na wajukuu watatu. Simu ya bure kwa dakika chache kila wiki inagharimu kidogo kuliko basi.

Kazi na kutoka

Ushonaji, ufumaji, shanga, sabuni na ususi vimefundishwa miaka mingi, na vingine hufundishwa vizuri. Uliza maswali mawili tu. Cheti kimetolewa na nani? Kikiwa cha mtihani wa serikali wa ufundi, au cha VETA, mamlaka ya ufundi stadi, kwa Tanzania, bila jina la gereza, kitamsaidia. Kikiwa na nembo ya gereza atakificha sandukuni. La pili: akitoka atashona kwa cherehani ya nani? Lang'ata wamewahi kuwepo wafungwa waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London na wakawasaidia wenzao kuandika rufani, jambo linaloonyesha kwamba uwezo upo mbali zaidi ya sindano. Mashindano ya ulimbwende ya wafungwa wa Lang'ata sina ugomvi nayo; mwenye sare mwaka mzima ana haki ya siku moja ya kupigiwa makofi. Ila usikubali picha zake ziwekwe kwenye ripoti ya urekebishaji.

Kuandika pendekezo litakaloishi

Pendekezo zuri linaweza kukaa miaka mingi bila kutekelezwa. Gereza la Wanawake la Kingston, nchini Kanada, lilifunguliwa mwaka 1934. Miaka 4 baadaye tume ya kifalme ikapendekeza lifungwe. Ripoti nyingine zikafuata zikisema vivyo hivyo, na lilifungwa mwaka 2000. Kilichobadilisha mambo ni jopo lililotoa ripoti mwaka 1990 likiwa na wanawake wa jamii za asili na waliowahi kufungwa miongoni mwa wajumbe wake, likataja nini kijengwe badala yake. Kisha ikaja ripoti ya uchunguzi wa Jaji Louise Arbour mwaka 1996, baada ya kikosi cha wanaume kuwavua nguo wafungwa wa gereza hilo.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Ripoti ya Jean Corston ya 2007, iliyoagizwa baada ya wanawake 6 kufa katika gereza la Styal, ilikuwa na mapendekezo 43, na serikali iliyakubali karibu yote. Lake kuu, vituo vidogo karibu na nyumbani badala ya magereza makubwa, halikutekelezwa. Gereza la Holloway, London, lilipofungwa mwaka 2016, wanawake walihamishiwa Surrey, mbali zaidi na watoto wao. Kufunga kulikuwa rahisi. Kujenga mbadala kulihitaji fedha.

Kwa hiyo kila pendekezo liwe na mwenye kulitekeleza kwa cheo chake, kifungu cha sheria kinachomruhusu, gharama, na tarehe. "Serikali iboreshe huduma" halina mwenyewe. "Mkuu wa magereza atoe waraka kuhusu pingu za wajawazito kabla ya Septemba" linaye. Tanzania, Tume ya Haki Jinai iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilitazama polisi, mashtaka na magereza kama mnyororo mmoja, ikakabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Huo ni mfano mzuri wa kuweka kila taasisi mbele ya sehemu yake.

Mwisho, angalia kalenda ya fedha. Kenya, Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kabla ya 15 Februari na makadirio kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ripoti inayowasilishwa Mei kwa sherehe na picha itasubiri mwaka mzima. Maombi yenye gharama yapeleke kwa maafisa wa mipango wa idara kuanzia Septemba, hata kabla ripoti kamili haijapigwa chapa, na umwachie nakala afisa anayeandika rasimu yenyewe, si katibu wake pekee.